Kwa wenzetu wenye wanaona pori ni jibu



Tangu miezi kadhaa neno moja linarudi kila pahali tunakutana, katika grupu za WhatsApp, kwenye mikutano, hata pale kwa mama mwenye kuuza chai: pori. Na wenye kulisema haiko watu wasiosoma. Ni vijana wenye lisansi ya sheria, ya uchumi, ya kilimo, wenye bado wanalala kwa wazazi wao. Wanasema hivi: "Tuliandamana, walitupiga. Tulikaa chini barabarani, walitutupa kasho. Tulipiga kura, kura ikaenda yao. Mikono mitupu imekwisha, sasa tuongee lugha yenye wanasikia." Kiisha wanamaliza na kifungu cha 64 cha Katiba, kile chenye kila mmoja wetu anakijua kwa kichwa, chenye kinampa kila Mkongomani kazi ya kumzuia mtu yeyote mwenye kukamata utawala kwa nguvu ao kuutumia kinyume cha Katiba.

Hatuandiki hapa kwa kuwatukana. Uchungu wao ni uchungu wetu. Sisi pia tulimaliza masomo, sisi pia tunapeleka dosie za kazi zenye hazijibiwe, sisi pia tunajua harufu ya kasho. Lakini wawili kati ya wenye tulitembea nao barabarani wamekwisha kwenda, na simu zao hazipite tena. Kwa hiyo haya haiko maneno ya kupitisha saa. Mwenye anataka kubeba bunduki kwa jina la wananchi anapashwa kujibu ulizo moja mbele ya kuondoka: katika inchi yenye kuna kura, hata kura mbaya, bunduki ya mapinduzi inamfikia nani wa kwanza?

Kuna inchi moja yenye ilijibu ulizo hilo kwa miaka zaidi ya hamsini, na tunadhani tunaijua. India. Sisi watu wa Mashariki, Wahindi tuliwaona na kofia ya bluu, ndani ya jipu nyeupe za MONUSCO, miaka mingi katika Kivu ya Kaskazini. Wachache kati yetu waliuliza kule kwao kuna vita gani. Kumbe iko. Ilianza 1967, ndani ya inchi yenye inachagua wabunge wake tangu 1952, yenye tribinali zinatumika, magazeti yanatoka kila asubuhi, na yenye watu wake wa pori wanakaa juu ya chuma na boksiti sawa vile sisi tunakaa juu ya zahabu na koltani.

Naxalbari ni kijiji cha kaskazini, katika jimbo la West Bengal, karibu na mpaka wa Nepal. Wakulima kule walikuwa wanalima mashamba ya watu na kutoa nusu ya mavuno, wakati mwingine kupita nusu. Sheria ya kuwalinda ilikuwa, lakini ilikaa ndani ya karatasi. Mkulima mmoja mwenye tribinali ilimpa haki ya kulima alienda shambani, watu wa mwenye shamba wakampiga. Hapo njo moto uliwaka. Wakulima wakachukua mishale na mapanga, wakakamata mashamba, wakachoma karatasi za madeni. Tarehe 24 mwezi wa tano 1967 ofisa mmoja wa polisi aliuawa kwa mshale. Kesho yake polisi ikarudi na kufyatua risasi juu ya kundi la watu. Walikufa watu 11, wengi wao wanawake, na watoto ndani.

Sikieni vizuri ni serikali gani ilikuwa inaongoza jimbo hilo. Haikuwa mkoloni. Haikuwa jenerali mwenye kupindua. Ilikuwa muungano wenye ulichaguliwa miezi mitatu tu mbele, na ndani yake kulikuwa wakomunisti wenyewe, wale wenye waliahidi mashamba kwa maskini. Tunaelewa basi hasira ya wanafunzi wa mji mkubwa, Calcutta, wenye leo tunauita Kolkata. Kama hata wenye ulipigia kura wanakupiga risasi, kura ni ya nini? Ulizo hilo sisi wa Kongo hatuna lazima ya mtu wa kututafsiria.

Wanafunzi waliacha masomo, hata katika Presidency College, shule ya juu ya watoto wenye akili kuliko wote. Chama chao kilizaliwa 1969, na mwalimu wao alikuwa Charu Majumdar, mwanaume mwenye ugonjwa wa moyo na kalamu kali. Fundisho lake lilikuwa fupi: makundi madogo ya siri yaingie vijijini na kuua adui wa tabaka, mmoja kwa mmoja, hata kwa kisu na mkuki, na woga wa wananchi utaisha. Lilitoka kwa Mao. Wazee wetu wa Kwilu walikwisha kulisikia mbele: Pierre Mulele, waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, alikwenda kujifunza vita China, akarudi kuwasha Kwilu, na mwaka 1968 akauawa Kinshasa kiisha kuitwa arudi kwa ahadi ya msamaha. Hatuko tunasema Mulele na Majumdar ni mtu mmoja. Tunasema hii barabara tayari watu waliipita, kwetu na kwa wengine, na alama za miguu ziko.

Katika Calcutta ya 1970, mapinduzi yalianza kuvunja sanamu za wasomi wa zamani. Kiisha yakashambulia mashule. Kiisha yakaua polisi wa barabarani, yule mwenye mshahara mdogo mwenye anasimama kwenye krwazema. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 1970 waliua mkuu wa Chuo Kikuu cha Jadavpur, Gopal Sen, akirudi nyumbani kwa miguu, siku moja mbele ya kwenda pansio. Tajiri mwenye mashamba makubwa alikuwa na ukuta, na mbwa, na bunduki, na binamu serikalini. Profesa alikuwa na miguu yake tu. Kisu kinaenda kwenye kinaweza kufika.

Jibu la serikali linajulikana. Mwezi wa nane 1971, katika mitaa ya Cossipore na Baranagar, vijana waliwindwa nyumba kwa nyumba. Wengine walikufa mikononi mwa polisi, na polisi ikaandika kwamba walijaribu kukimbia. Majumdar alikamatwa mwezi wa saba 1972, na kiisha siku 12 akafa ndani ya kasho. Mwenzake wa kwanza, Kanu Sanyal, mwenye alipanga wakulima wa Naxalbari yeye mwenyewe, alitoka gerezani na kusema wazi kwamba ile njia ya kuuana iliharibu kila kitu.

Na mashamba je? Hapa wenzetu wa pori tunawaomba wasome polepole. Mwaka 1977 jimbo lilelile lilipiga kura, na muungano wa kushoto ukarudi na nguvu. Mwaka wenye ulifuata ukaanzisha kazi moja yenye haina sauti ya risasi: kuandika majina. Waliita Operation Barga. Maofisa wa mashamba waliacha ofisi, wakaenda kijijini magaribi wakati wakulima wanatoka kazini, wakakaa nao chini, wakawauliza mbele ya wote: unalima shamba gani, la nani, tangu lini. Jina likaandikwa hadharani. Mwenye jina lake limeandikwa hafukuzwe tena, na sehemu ya mwenye shamba haipite robo ya mavuno kama yeye hakutoa ngombe wala mbegu. Wakulima karibu milioni 1 na laki 4 waliandikwa. Hesabuni wenyewe: ni wangapi waliuawa Calcutta kwa kutafuta kitu hichohicho, na ni shamba gani lilipatikana?

Kuna mwenye atatuambia: "Lakini bila Naxalbari, wale wangeogopa nini?" Tutafika pale. Na pia hatutawapamba wale wa kushoto. Walikaa kwenye kiti miaka 34, wakanenepa. Tarehe 14 mwezi wa tatu 2007, kule Nandigram, polisi yao ilipiga risasi wakulima wenye walikataa mashamba yao yapewe kiwanda, watu 14 wakafa. Mwaka 2011 wakulima walewale wakawatoa kwa kura.

Moto wa Naxalbari haukuzimika, ulihama. Kutoka 1980 kundi lingine, lenye lilijiita Vita ya Wananchi, lilivuka kutoka Andhra Pradesh na kuingia pori la Bastar, ambalo leo liko katika jimbo la Chhattisgarh. Pale wanakaa Waadivasi, wenyeji wa kwanza, na chini ya milima yao kuna chuma kizuri sana. Maguni na mapanga ya walinzi wa pori yalikuwa yanawanyanyasa kila siku: ukikata mti, lipa, ukiokota kuni, lipa. Tuseme ukweli wote. Wale waasi waliwasaidia. Walifukuza walinzi wenye kula rushwa, na walilazimisha wafanyabiashara kupandisha bei ya majani ya tendu, yale yanafungwa sigara za maskini. Kama mapinduzi yangeishia pale, leo tungeandika komunike nyingine.

Lakini mwenye bunduki hawezi kukaa kijijini bila kuuliza nani anamsaliti. Zikaja tribinali za msituni. Mtu anaitwa usiku, anashitakiwa kwamba anapelekea polisi habari, na asubuhi mwili uko njiani. Zikaja baruti kwenye mashule, juu maaskari walikuwa wanalala ndani. Serikali nayo haikutuma walimu wengine. Mwaka 2005 iliunga mkono kundi la raia lenye liliitwa Salwa Judum, likawapa vijana wa kijiji silaha na mshahara kidogo, wengine watoto bado, na kuwaambia: ninyi mnajua njia za pori, mtuonyeshe. Vijiji vikachomwa. Maelfu ya watu wakapelekwa kwenye kambi kando ya barabara, wengine wakakimbilia Andhra. Mwadivasi wa mkono huu akamwinda Mwadivasi wa mkono huu. Msomaji wa Masisi, wa Fizi, wa Djugu, unaona tunaongea nini.

Tarehe 6 mwezi wa nne 2010, karibu na Dantewada, waasi walitega maaskari wenye walitumwa kutoka majimbo ya mbali. Walikufa 76 kwa asubuhi moja. Tarehe 25 mwezi wa tano 2013 walitega msafara wa wanasiasa na kumuua Mahendra Karma, mwanzilishi wa Salwa Judum, pamoja na watu wengine zaidi ya 20. Wenye wanapenda pori wanahesabu hizi kama ushindi. Sisi tunauliza: kesho yake, ni nani alibaki kijijini wakati malori ya maaskari yalirudi?

Alibaki Soni Sori. Tunaomba mkumbuke jina hilo. Ni mwalimu wa shule, Mwadivasi, mama wa watoto. Mwaka 2011 waasi waliingia nyumbani kwa baba yake, wakamshitaki kwamba anasaidia polisi, wakampiga risasi mguuni. Mwaka uleule, polisi ikamkamata yeye binti, ikimshitaki kwamba anasaidia waasi. Nyumba moja, mwaka mmoja: baba anapigwa juu ni wa serikali, binti anafungwa juu ni wa waasi. Alisema kwamba aliteswa ndani ya kasho, na hospitali ya Kolkata ikakuta mawe ndani ya mwili wake. Alifungwa zaidi ya miaka miwili, akatoka kwa dhamana, akajaribu hata kusimama kwenye uchaguzi wa 2014. Kesi zake zilianguka moja moja, ya mwisho mwaka 2022. Miaka kumi na moja kwa kuonyesha kwamba hakuwa upande wenye ulimpiga baba yake risasi.

Kijiji cha Sarkeguda, mwezi wa sita 2012: watu wamekutana usiku, maaskari wanafika, watu 17 wanauawa, watoto ndani. Serikali ikasema ni waasi. Tume ya jaji ilichunguza, na 2019 ripoti ikatoka: hakuna ushahidi kwamba walikuwa waasi. Miaka saba.

Daktari Binayak Sen, mwenye aliponya maskini wa Chhattisgarh na kusema wazi juu ya Salwa Judum, alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi wa kumi na mbili 2010 juu ya kosa la uasi. Mahakama Kuu ya inchi ikampa dhamana mwaka wenye ulifuata. Na padre Mjezuiti Stan Swamy wa Jharkhand, mwenye alitetea vijana Waadivasi wenye walijaa magereza bila hukumu, alikamatwa 2020 kwa sheria ya ugaidi, akiwa na miaka 83. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson, hata kikombe hawezi kushika. Aliomba mrija wa kunywea, na kujibiwa kulichukua majuma. Alikufa tarehe 5 mwezi wa saba 2021, bado anangojea dhamana.

Angalieni hawa wanne: mwalimu, wanakijiji, daktari, padre. Hakuna hata mmoja mwenye alibeba bunduki. Ni watu sawa vile sisi, wa kuandika, wa kushitaki, wa kukusanya majina. Nani alimpa serikali neno la kuwafungia? Serikali ilikuwa na ubaya wake tayari, hatuisafishi. Lakini kila baruti yenye ililipuka njiani iliweka ndani ya mkono wake jambo lenye lilikuwa linamkosekana: sababu. Kutoka pale, kila mwenye kuuliza juu ya mgodi ni mwasi, kila mwenye kuhesabu maiti ni msaidizi wa waasi, na wananchi wa mji wanasoma gazeti na kuamini.

Sisi tunalijua hilo hapa. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, kwa utawala wa kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, raia walipelekwa mbele ya tribinali ya maaskari. Walisema ni kwa kumaliza makundi ya silaha. Makundi yako. Wenye walipelekwa mbele ya jaji mwenye nyota kwenye mabega, wengine walikuwa na megafoni tu.

Sasa ulizo lenye tuliacha njiani: bila bunduki, nani angesikia Waadivasi? Haiko ulizo la mtoto. Ni kweli kwamba Delhi ilianza kuongea juu ya barabara na shule za Bastar wakati ilianza kuogopa. Lakini tazameni milima ya Niyamgiri, katika jimbo la Odisha. Kampuni ya Vedanta ilitaka boksiti ya mlima wenye Wadongria Kondh wanauabudu. Watu hawa ni wachache, elfu chache tu. Walifunga njia kwa miili yao, walipiga ngoma, walisafiri hadi mjini, na wakakuta wanasheria wenye walishika sheria ya haki za pori ya 2006. Tarehe 18 mwezi wa nne 2013 Mahakama Kuu ikasema: wanakijiji wenyewe waulizwe, katika mkutano wa kijiji, mbele ya jaji. Serikali ya jimbo ikachagua vijiji 12, vichache sana, wengi walisema ni kwa hila, juu vichache ni rahisi kununua. Vijiji vikakutana mvua ikinyesha, watu wakasimama mmoja mmoja na kuongea kwa lugha yao. Vijiji 12 vyote vilikataa. Mwaka 2014 ulianza na ruhusa ya mgodi ikanyimwa. Mpaka leo mlima uko pale.

Na waasi walikuwa wapi? Walikuwa karibu, ndani ya pori hiyohiyo. Faida ya ukaribu huo ni hii: kiisha ushindi, maaskari walibaki mlimani, vijana wa Dongria wakakamatwa, na wizara ya mambo ya ndani ikaandika katika ripoti yake kwamba chama cha kulinda Niyamgiri kinaongozwa na waasi. Watu walishinda kampuni kubwa ya dunia bila risasi moja, na bunduki ya mtu mwingine ikaja kuwachafulia ushindi.

Hata Salwa Judum haikumalizwa na baruti. Ilipigwa na dosie. Profesa mmoja wa Delhi, Nandini Sundar, na wenzake walikusanya majina ya vijiji vilivyochomwa, wakashitaki mwaka 2007, na tarehe 5 mwezi wa saba 2011 Mahakama Kuu ikasema kuwapa raia silaha ni kinyume cha katiba. Haikuwa dawa ya kila kitu: jimbo lilibadilisha jina, likawaingiza vijana walewale ndani ya polisi. Hatuwauzii ndoto. Tunasema tu kwamba dosie ilifika pahali baruti haikufika.

Tarehe 21 mwezi wa tano 2025 maaskari waliua kiongozi mkuu wa waasi, Basavaraju, ndani ya pori ya Chhattisgarh. Mtu wa miaka karibu 70. Alikuwa enjenia, alisomea Warangal. Tulipoona hilo katika habari tulinyamaza kidogo, juu enjenia mwenye anaishi pori miaka zaidi ya arubaini ni madaraja mangapi yenye hayakujengwa? Na wenye walimwinda, wengi walikuwa vijana Waadivasi wenyewe, wengine waasi wa jana wenye walijitoa na kupewa kofia ya polisi. Kwetu neno la mambo hayo liko: kadogo. Wale wa 1996 waliingia Kinshasa tarehe 17 mwezi wa tano 1997 na viatu vya mpira. Ulizeni wenye waliwapokea na majani ya mtende: miaka mbili haikufika, tena vita.

Turudi kwa kifungu cha 64. Wenye kukitaja kwa kuingia porini wanasoma mstari wa kwanza na kufunga kitabu. Mstari wenye unafuata unasema kwamba kujaribu kupindua utawala wa katiba ni kosa lisilozeeka, juu ya taifa na juu ya Serikali. Kifungu hicho kinatupa kazi ya kuzuia bunduki isiwe njia ya kuingia ikulu, na hakisemi "isipokuwa bunduki yetu". Na mwenye atatuambia kwamba demokrasia yetu haifanane na ile ya India, tunamjibu: sawa, tribinali zetu ni zaifu zaidi, kura zetu zinaibwa zaidi. Kama kule, kwenye jaji anaweza kuvunja amri ya serikali, bunduki ilimwangukia mwalimu na padre, kwetu kwenye jaji anangoja simu ya mkubwa itamwangukia nani?

Tunajua pia kwamba mtu hawezi kukaa porini ya maneno wakati tumbo ni tupu. Kwa hiyo hii njo kazi yenye tunaweka mezani, kwa wenye lisansi zenye zinalala ndani ya sanduku.

Sheria ya madini ya 2018, kifungu cha 258 bis, inalazimisha kila kampuni yenye ruhusa ya kuchimba kutoa kila mwaka angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye wanakaa karibu na mgodi, na pesa hiyo inasimamiwa na chombo chenye wakaaji wako ndani. Sheria hiyohiyo inalazimisha kampuni na wakaaji kusaini karatasi ya ahadi, ile inaitwa cahier des charges: shule gani, maji gani, barabara gani, kwa tarehe gani. Ni majina yenye kuandikwa hadharani, sawa vile ya wakulima wa Bengal. Ni wangapi kati yetu, hata wenye lisansi ya sheria, walikwisha kuona moja na macho yao?

Kutoka mwezi huu, kila kikundi chetu chenye kiko karibu na mgodi kitume watu watatu kwenye ofisi ya sekta ao ya sheferi. Waombe kwa maandishi vitu vitatu: kopi ya cahier des charges yenye ilisainiwa, hesabu ya 0,3% kwa kila mwaka tangu ruhusa ilianza, na majina ya wenye kusimamia hizo pesa. Wakikataliwa, wasipige kelele, waombe mhuri wa kupokea kwenye kopi ya barua yao. Wenye walisoma sheria wasaidie kuandika, wenye walisoma uchumi wasaidie kuhesabu. Barua na jibu, ao barua na mhuri bila jibu, zitasomwa kwa Kiswahili siku ya soko, mbele ya wauza mihogo, na kopi itabandikwa kwenye mlango wa shule.